Nimenunua kisanduku cha medali za Marekani ya zamani, ni silva kweli au nimepigwa?

Mnyamwezi_Omaha

Wakuu habari za wikendi. Niko Omaha Nebraska mwaka wa sita sasa na nina kaugonjwa ka kwenda kwenye ile minada ya nyumbani, ile mzee kafariki watoto wanauza kila kitu mpaka vijiko. Jumamosi nimeingia nyumba moja natafuta drili, drili sikupata, nikakuta kisanduku cha mbao chini ya meza ya jikoni ndani kuna medali 20 na sarafu moja. Dada aliyekuwa anauza akasema 65, nikatoa 65 sikubishana, maana kisanduku chenyewe ukikinyanyua kizito kama kina misumari.

Picha zake zote ni za Marekani ile ya kuhamia magharibi. Mikokoteni yenye turubai inavutwa na maksai, jamaa wa posta ya Pony Express anakimbiza farasi, reli mbili zinakutana Utah 1869, mwamba wa Chimney Rock ambao uko hukuhuku Nebraska, familia mbele ya nyumba ya udongo, na nyati wao wale wenye nundu. Kumi na mbili zimeandikwa STERLING pale ukingoni, herufi ndogo za kutafuta kwa tochi. Tano ni nyeupe vilevile ila hilo neno hazina, moja imeandikwa NICKEL SILVER nikafurahi nikajua na yenyewe ni silva. Tatu ni kubwa za rangi ya chokoleti, na moja kati ya hizo ndo inaninyima usingizi, ina kichwa cha rais Jefferson na mwaka 1801 halafu nyuma mikono miwili inashikana na maneno PEACE AND FRIENDSHIP. Nimeangalia mtandaoni medali ya 1801 ya namna hiyo watu wanaongelea maelfu ya dola!!

Jana nikapeleka kwa jamaa mwenye duka la sarafu, kaangalia dakika mbili, hakupima hata moja, akasema dola 90 zote. Nikafunga kisanduku nikaondoka. Sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie, nimelamba dume au mzee alikuwa ananionea huruma? Na huu utelezi wa kijani kwenye baadhi yake ni nini, unatoka na sabuni?

mpenda_madili

Chukua 90 mkuu una faida ya 25 kwa siku mbili, unataka nini tena

mzee_wa_sarafu

Mnyamwezi usimsikilize huyo. Na usioshe kitu chochote mpaka nimalize kuandika, tafadhali sana.

Kwanza tutenganishe sarafu na medali. Sarafu imetolewa na serikali ina thamani yake imeandikwa pale, medali haina, ni kumbukumbu tu, na Marekani yeyote mwenye mashine anaweza kuipiga. Watu wengi wanaona neno Mint (kiwanda cha kupiga sarafu) kwenye boksi wanadhani ni serikali. Franklin Mint kwa mfano ilikuwa kampuni binafsi, ilianza 1964 kule Pennsylvania, ikauzia watu medali kwa mafungu, kila mwezi unaletewa moja na kikaratasi chake mpaka seti inakamilika. Miaka ya 60 na 70 ilikuwa homa, na mada ya magharibi ilipendwa kweli kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaadhimisha miaka mia ya hiki na kile, Pony Express 1960, reli 1969, halafu nchi yenyewe ikatimiza 200 mwaka 1976. Ndo maana sasa hivi wale wazee wakifariki visanduku kama chako vinatoka kila Jumamosi. Zipo nyingi mno, kwa hiyo medali nyingi za kampuni binafsi leo bei yake inatembea karibu na bei ya madini yaliyomo. Seti uliyonayo ikiwa kamili na boksi na vikaratasi unaongeza kidogo, basi.

Ila hapo hapo ndo penye jibu lako. Kama zile 12 ni sterling kweli, yaani fedha 92.5 kwa mia, madini peke yake yanapita 90. Una mizani? Si ya jikoni ya unga, ile ndogo ya kusoma gramu mpaka nukta mbili, haizidi dola kumi na tano. Pima moja moja.

Kuhusu Jefferson pole mdogo wangu. Zile medali za amani serikali ilikuwa inawapa machifu wa wenyeji, Lewis na Clark, wale wapelelezi waliotumwa na serikali kwenda magharibi, walibeba furushi lake waliposafiri 1804 mpaka 1806. Za Jefferson zilikuwa za fedha, na tena zilikuwa tupu ndani, mabamba mawili membamba yamefungwa na ukanda kuzunguka ukingo, na juu pana pa kuning'iniza shingoni. Yako ya chokoleti, nene, nzito, haina tundu. Hiyo ni ya shaba, mnara wa serikali wenyewe, namaanisha kiwanda chao cha Philadelphia (hii simu inanirekebisha ovyo), walizipiga tena miaka mingi baadaye wakawauzia wakusanyaji na watalii. 1801 ni mwaka wa Jefferson kuingia ikulu sio mwaka wa kutengenezwa. Ni kitu halali kabisa na kizuri, ila ni cha makumi ya dola sio maelfu. Ukitaka kuona picha ile ile, tafuta kwenye chenji yako senti tano ya 2004, kuna iliyotoka na mikono hiyo hiyo, mmoja una mkono wa koti la kijeshi lenye vifungo na mwingine umevaa bangili.

Hujasema chochote kuhusu hiyo sarafu moja. Ina picha gani?

BintiLamu

Salaam ndugu zangu. Mimi babangu alikuwa sonara Lamu na babake kabla yake, siku hizo fedha ya kutengenezea vikuku ilitoka kwenye zile dola za Maria Theresa, zinatiwa kwenye moto zinayayushwa, kwa hivyo kuhusu fedha niulizeni mimi, mambo ya maksai mtaelewana wenyewe.

NICKEL SILVER haina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki, ni rangi tu inafanana. Wengine wanaiita German silver na ni uongo ule ule umevaa kofia. Kwa hivyo hizo tano hesabu hazina mpaka zithibitishe.

Za STERLING nazo usiamini maandishi peke yake, yajaribu kwa maji, haiharibu kitu. Weka gilasi ya maji nusu juu ya hiyo mizani uliyoambiwa na mzee, bonyeza isome sifuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, uishushe polepole mpaka izame yote lakini isiguse chini wala ubavuni, mkono usitikisike, na uangalie pasiwe na viputo vimeganda chini yake. Soma namba. Sasa chukua uzito wake ilipokuwa kavu ugawanye kwa namba hiyo. Sterling yaja 10.3 au karibu yake, fedha tupu 10.5, nikeli na shaba zitakwama 8 na pointi. Babangu hakuwa na mizani ya umeme, yeye aliisugua kwenye jiwe akatia tone la dawa akajua, lakini wewe usijaribu hilo utakwaruza.

Huo utelezi wa kijani ni plastiki. Watu waliziweka kwenye vile vifuko laini vyenye harufu kama pazia la bafu, plastiki inachuruza na kula madini. Sabuni haitoi. Nunua asetoni tupu duka la rangi, si ile ya kucha yenye marashi, tumbukiza dakika chache kwenye chombo cha kioo dirisha likiwa wazi, toa, uache ikauke yenyewe. Usisugue!! Na moto uwe mbali.

Ule weusi weusi wa fedha na rangi za upinde zinazojitokeza pembeni, uache. Huo ndio umri wake.

Limuru_Dallas

Hehe mmenifurahisha. Mimi si mkusanyaji lakini wacha niulize swali la mtu wa nje. Hizo picha zote mlizotaja, mkokoteni, nyumba ya udongo, reli, mbona ni kama nchi ilikuwa tupu ikingoja watu wafike? Ile sheria yao ya Homestead ya 1862 ilisema ukikaa miaka mitano na kulima unapewa ekari 160. Za nani? Sisi kwetu Kenya walowezi walipewa lease ya miaka 999 mwaka 1915 na guka, babu yangu, akawa skwota kwa shamba la babake, kwa hivyo nikiona familia inatabasamu mbele ya kibanda najua picha ya upande wa pili iko mahali haijapigwa.

Na hiyo ya Jefferson ndio imenigusa zaidi. Chuma cha serikali, unaning'inizwa shingoni, ati urafiki. Guka alivaa kipande, ilikuwa karatasi ya alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma shingoni, wazee walikuwa wakisema ni kama kengele ya mbuzi. Najua si kitu kimoja, chifu alipewa kama heshima na guka alilazimishwa. Lakini bado.

mzee_wa_sarafu

Limuru hapo umegonga penyewe na wala sikukatalii. Nimekusanya hizi kitu miaka 20 na zaidi na nyingi ndivyo zilivyo, upande mmoja shujaa upande wa pili tai. Wenyeji wenyewe wanatokea wakiwa pembeni wanaangalia machweo. Reli ya 1869 vilevile, hesabu ni medali ngapi zina Mchina, wakati upande wa Central Pacific, ile kampuni iliyojenga reli kutoka California, Wachina ndo waliopasua ile milima.

Ndo maana nimeuliza hiyo sarafu ya Mnyamwezi. Bado hajajibu, sijui kaenda kununua mizani.

Mnyamwezi_Omaha

Nimerudi wakuu, shikamoo mzee. Mizani imefika jana nimelala saa nane usiku natumbukiza medali kwenye glasi kama mtoto, mke wangu kaniambia nikimaliza glasi nitupe.

Ya kwanza kavu gramu 26.4, kwenye maji ikasoma 2.55, nikagawanya 10.35!!! Nikapiga kelele nikaamsha mtoto. Zote 12 zimekuja hapohapo, mbili tatu zinacheza kidogo nadhani mkono wangu. Ile ya NICKEL SILVER 24.1 kavu na 2.77 kwenye maji, yaani 8.7, BintiLamu umenivunja moyo lakini asante dada. Wenzake wanne vilevile.

Sarafu yenyewe mzee ni nusu dola, imeandikwa HALF DOLLAR. Upande mmoja mkokoteni wenye maksai wawili wanaelekea kwenye jua kubwaaa na mtu anatembea pembeni yao, chini 1926. Upande wa pili Mhindi Mwekundu amesimama na upinde, kanyoosha mkono, nyuma yake ramani ya Marekani nzima. Kuna kaherufi S. Uzito 12.5.

Sasa naomba msinitukane. Hiyo ndo ilikuwa imefubaa kuliko zote, kijivu kijivu na bluu kwa pembeni, kwa hiyo Jumamosi ile ile nimefika nyumbani nikaichukua nikaisugua na dawa ya meno na mswaki wa zamani. Ilitoa weusi ikawa inang'aa kama sufuria mpya. Nilikuwa naanza na hiyo ndogo kwa majaribio kabla sijagusa medali. Ni mbaya sana?

BintiLamu

Innalillahi.

mzee_wa_sarafu

Marahaba. Ngoja ninywe maji kwanza.

Mdogo wangu, kati ya vitu 21 kwenye kisanduku umechagua kusugua kimoja tu kilichokuwa hakitakiwi kusuguliwa. Hiyo ni Oregon Trail Memorial, kumbukumbu ya ile njia ya mikokoteni ya kwenda Oregon, S ni San Francisco. Ni sarafu ya serikali, fedha asilimia 90, zilianza 1926 zikawa zinatoka kidogo kidogo zikiruka miaka mpaka 1939 watu wakachoka nazo. Kulikuwa na mzee anaitwa Ezra Meeker, alipita njia ile na maksai 1852 akiwa kijana, halafu mwaka 1906 akiwa na zaidi ya miaka 70 akafunga maksai tena akairudia njia yote kinyumenyume kwenda mashariki, akiwasumbua watu njiani waweke mawe ya kumbukumbu. Pesa za sarafu zilitakiwa zisaidie kazi hiyo hiyo. 1926 S ndo iliyopatikana kwa wingi kuliko wenzake, zaidi ya elfu 80, kwa hiyo hukuharibu kitu cha pekee duniani, punguza presha. Ikiwa safi ya asili mara nyingi inapita dola mia. Iliyosuguliwa wakusanyaji wanaigeuza chini ya taa, wanaona mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja, wanairudisha mezani. Bado utapata kitu ila sio kile.

Usijaribu kuifubaza tena kwa yai la kuchemsha au ujinga mwingine utakaoukuta YouTube. Iache.

Lakini Limuru njoo hapa uangalie. Waliochonga hii ni mtu na mkewe, James Earle Fraser na Laura Gardin Fraser. James kazaliwa hukuhuku kwetu Minnesota, Winona, 1876, akakulia Dakota, ndo yule yule wa senti tano ya nyati ya 1913. Mkokoteni ni wa James. Upande wa mwenyeji ni wa Laura. Na uone alivyomweka, hajapiga magoti, hayuko pembeni, amejaa sarafu nzima kutoka juu mpaka chini na ile mikokoteni yao ni kamstari kadogo ka vidoti kwenye ramani nyuma ya mgongo wake. Mkono ule umenyooshwa kiganja wazi kuelekea mashariki wanakotokea. Kila mtu anaisoma anavyojua, mimi tangu siku ya kwanza nimeona anasema simameni hapo hapo.

Limuru_Dallas

Hiyo nimeitafuta saa hii kwa simu. Aisee. Hiyo ni polisi wa barabarani kabisa, hakuna lori inapita hapo.

mpenda_madili

Sasa jumla ni shilingi ngapi mbona mnazunguka

BintiLamu

Hesabu ni nyepesi. 12 mara 26.4 ni gramu 316.8. Sterling ni 92.5 kwa mia, kwa hivyo fedha safi ni gramu 293. Aunsi ya fedha si ile ya jikoni ya 28, ni gramu 31.1, watu wengi huibiwa hapo hapo. Gawanya, wapata aunsi 9.4. Zidisha na bei ya fedha ya siku hiyo. Hata ungeweka dola 20 kwa aunsi, bei ya zamani hiyo, ni dola 188. Na mtu alitaka kukupa 90 na sarafu juu. Mnunuzi wa haki atakata kidogo apate riziki yake, hilo halina neno, lakini asikate nusu.

Na akianza kukutajia "grains" usibabaike, medali nyingine za zamani ziliuzwa kwa hesabu hiyo ili namba ionekane kubwa. Grain 500 ni gramu 32 tu.

Mnyamwezi_Omaha

Dah. Asanteni sana. Dawa ya meno itanitesa mpaka uzee. Mke wangu nimemsomea comment ya "innalillahi" kacheka mpaka kakaa chini.

Nimeamua nauza tisa nabakiza tatu, ya Chimney Rock, ya Pony Express na ya reli. Chimney Rock iko pia nyuma ya robo dola ya Nebraska ya 2006 pamoja na mkokoteni, nimeikuta kwenye kopo la chenji, kwa hiyo ninazo zote mbili mtoto anazilinganisha. Pony Express nilikuwa nadhani ni kitu cha miaka mingi kumbe Aprili 1860 mpaka Oktoba 1861, mwaka na nusu, waya wa telegrafu ulipofika farasi wakaachishwa kazi, na bado wanatengenezewa medali mpaka leo. Reli nabakiza kwa sababu Union Pacific, moja ya kampuni zilizojenga ile reli, makao yao yako hapa Omaha, napita mbele ya jengo lao kila siku naenda kazini.

Na mwezi ujao nataka nimpeleke mtoto Beatrice, ni kama saa moja na nusu kwa gari, ndo lilipo shamba la Homestead ambalo jamaa anaitwa Daniel Freeman alijiandikisha tarehe 1 Januari 1863, pana makumbusho. Nitamwambia maswali ya Limuru, tuone wanajibu nini.

mzee_wa_sarafu

Vizuri. Hizo tatu tafuta vifuko vigumu visivyo na harufu, au kapsuli. Na kabla ya kuuza hizo tisa peleka sehemu tatu tofauti, pima wewe mwenyewe nyumbani, andika kwenye karatasi, na yule ambaye hapimi mbele yako usikae.

Halafu we Mnyamwezi wa Tabora unahangaika na maksai wa Oregon, unajua Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu kwenu 1916? Rupia 15, tembo mbele ya milima, kwenye karakana ya reli wakati wamezingirwa vitani, dhahabu ya Sekenke. Hiyo ukiikuta chini ya meza ya mtu nipigie simu hata saa tisa usiku. USIPIGE MSWAKI.

Mnyamwezi_Omaha

😂😂 Babu yangu alikuwa anahadithia Wajerumani na reli lakini hiyo ya dhahabu hakuisema, labda alikuwa nayo.

Limuru_Dallas

Mnyamwezi hiyo ya Jefferson ya chokoleti usiuzie mtu mwingine. Kikebe cha guka kiko na mimi huku, mama alinipa nikisafiri, kimekaa kwa droo miaka kumi na moja. Nataka niviweke pamoja kwa fremu moja ukutani, mtu akija kwangu aulize. Sema bei na posta mpaka Dallas.

Mnyamwezi_Omaha

Dola 20 kaka, posta juu yangu. Kesho naifunga. Sijaiosha.